Tathmini ya CARRA: data ya tabianchi inayoviona visiwa vya Aktiki

Kutoka mji wa Barentsburg hadi uwanja wa ndege wa Svalbard, visiwa vya Norwei vya Aktiki, hakufiki kilomita 50, na sehemu zote mbili ziko upande wa kusini wa mfumo mmoja wa fyodi (ghuba nyembamba kati ya milima), Isfjorden. Hata hivyo wastani wa mvua na theluji kwa mwaka, kwa kipindi cha 1961–1990, ni milimita 525 Barentsburg na 190 tu uwanjani. Barentsburg imekaa karibu na mdomo wa fyodi, ambako hewa yenye unyevu kutoka baharini hufika bila kuzuiwa sana. Uwanja uko ndani zaidi, kwenye kivuli cha mvua cha milima. Anayedai kuwa na data ya tabianchi ya visiwa vya ncha ya kaskazini lazima kwanza aoneshe kwamba tofauti hiyo anaiona. Data nyingi zinazopatikana bure mtandaoni haziioni.

Tunayoipima hapa ni CARRA, rianalisisi ya kikanda ya Aktiki inayotolewa chini ya Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya. Kwa asiyelijua neno hilo, rianalisisi ni hali ya hewa ya zamani iliyojengwa upya: modeli moja isiyobadilishwa hurudishwa nyuma miaka mingi, hulishwa vipimo vya vituo, maputo, meli na setilaiti, kisha hutoa picha kamili ya hewa kila baada ya saa kadhaa, hata mahali ambapo hakuna aliyewahi kusimika kipimajoto. CARRA iliongozwa na taasisi ya hali ya hewa ya Norwei ikishirikiana na wenzake wa Denmark, Iceland, Sweden, Finland na Ufaransa. Injini yake ni modeli ya hali ya hewa HARMONIE-AROME, yenye gridi ya kilomita 2.5 na ngazi 65 za wima. Kingoni hulishwa na ERA5, rianalisisi ya dunia nzima. Data inaanza Septemba 1990, na miezi mipya huongezwa kwa kuchelewa miezi michache.

Haina bei. Gharama yake ni diski, muda wa foleni na makosa utakayofanya usipoijua tabia yake, na hayo ya mwisho ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Kwa nini ERA5 haitoshi ufukweni

Wengi huanza na ERA5 kwa sababu ni rahisi: ina kila saa tangu 1940 na huchelewa siku tano tu. Gridi yake halisi ni ya kilomita 31, lakini hutolewa kwenye nukta za gridi zilizoachana nyuzi 0.25 za latitudo na longitudo, na hapo ndipo macho hudanganyika. Kwenye latitudo ya 78, nyuzi 0.25 za longitudo ni kama kilomita 5.8. Ukichora ramani ya Svalbard unaona nukta zimesongamana mashariki–magharibi, unadhani una undani wa kilomita sita. Huna. Namba zile zimenyooshwa kutoka kwenye seli za kilomita 31, kama picha ndogo iliyokuzwa.

Seli moja ya ukubwa huo ina kilomita za mraba zaidi ya 900. Kisiwa kizima cha Bjørnøya ni 178, yaani hakifikii hata sehemu ya tano ya seli. Kisiwa cha Jan Mayen ni 377, na juu yake umesimama mlima wa volkano Beerenberg wenye mita 2,277; ERA5 huukwangua mlima huo hadi kuwa tuta. Kisiwa cha Hopen, chenye urefu wa kilomita zaidi ya 30 na upana wa kilomita mbili hivi, kwa ERA5 ni bahari. Ukichukua halijoto ya Hopen kutoka humo umechukua halijoto ya bahari, na majira ya baridi, barafu ya bahari inapokuwa imezunguka kisiwa, umechukua ya barafu. ERA5 inachukulia barafu hiyo kuwa na unene uleule wa mita 1.5 na haina theluji juu yake, kwa hiyo joto la maji ya chini linapenya kuliko inavyostahili. Matokeo yake yanajulikana: usiku mkavu wa baridi kali, ERA5 juu ya barafu huwa na joto kupita kiasi.

Seli ya CARRA ni kilomita za mraba 6.25. Bjørnøya inapata seli karibu 28, Jan Mayen 60. Beerenberg unabaki mlima, upande unaopigwa na upepo unanyeshewa na upande wa pili unakauka, na upepo mzito wa mteremko unaoshuka kutoka barafu kuu ya Greenland unapita kwenye mabonde yake badala ya kutandazwa kila mahali. Tofauti kati ya mdomo na ndani ya fyodi inaonekana. Hopen bado ni ukanda wa seli moja tu, na seli nyingine zina maji zaidi ya nchi kavu. Kwa visiwa vyembamba namna hiyo hata kilomita 2.5 ni ufito wa kupimia uzi.

Kanda mbili, na mwingiliano unaofaa kutumiwa

CARRA ina maeneo mawili. La magharibi linachukua Greenland, Iceland, Baffin Bay na bahari ya Greenland. La mashariki linachukua Bahari ya Barents, Franz Josef Land, Novaya Zemlya na kaskazini mwa nchi za Nordiki. Svalbard na Jan Mayen zimo katika yote mawili. Kwa Svalbard chukua la mashariki, kwa sababu katika la magharibi visiwa hivyo viko karibu na ukingo, na karibu na ukingo modeli bado inafuata mkao wa ERA5 iliyoilisha.

Lakini usilitupe la magharibi. Kanda hizi mbili ziliendeshwa kila moja peke yake, hivyo zinapotofautiana juu ya kisiwa kilekile unapata kipimo cha bure cha kutokuwa na hakika. Zikitofautiana nyuzi 0.3 kwenye wastani wa mwezi, endelea na kazi. Zikitofautiana nyuzi mbili, kuna jambo: mara nyingi ni barafu ya bahari au theluji ya ardhini, na namba hiyo usiichapishe kabla hujalijua. Ni ajabu kwamba watu wachache hufanya jaribio hili, ilhali halihitaji kituo chochote.

Kuipata

Fungua akaunti kwenye hifadhi ya data ya tabianchi ya Copernicus, kisha fungua ukurasa wa data yenyewe na ukubali leseni. Ukiruka hatua hiyo ya leseni, ombi lako litakataliwa hata kama ufunguo ni sahihi; ndilo kosa la kwanza la karibu kila mgeni. Sakinisha `cdsapi` kwenye Python, weka faili `.cdsapirc` kwenye folda yako ya nyumbani lenye mistari miwili, anwani na ufunguo. Waliokuwa na akaunti kabla ya Septemba 2024 wakumbuke kwamba mfumo ulibadilishwa: ufunguo wa zamani uliotanguliwa na namba ya mtumiaji na nuktapacha haufanyi kazi tena.

Kwa halijoto ya mita mbili, upepo wa mita kumi, mvua na theluji, data yako ni `reanalysis-carra-single-levels`. Anayehitaji upepo wa juu kidogo, kwa mfano wa mitambo ya umeme wa upepo, achukue data ya ngazi za kimo, inayotoka mita 15 hadi mita 500.

Omba mwezi mmoja kwa ombi moja. Ukiomba siku moja moja kwa miaka 30 unajitengenezea foleni ya maombi zaidi ya elfu kumi. Ukiomba mwaka mzima wenye vigeu kumi (aina za vipimo, kama halijoto au upepo), ombi hugonga kikomo. Mwezi mmoja, vigeu viwili au vitatu, saa zote nane za uchambuzi (picha ya hewa ya kila saa tatu), ndicho kipimo kinachopita bila ugomvi.

Hesabu diski kabla hujaanza. Eneo la mashariki lina nukta 789 kwa 989, yaani 780,321. Kila nukta ikipakiwa kwa biti 16, uga mmoja (ramani ya kigeu kimoja kwa saa moja) ni kama MB 1.6, na mwaka mmoja wa kigeu kimoja kila saa tatu ni GB 4.6. Miaka 30 ni GB 137, kwa kigeu kimoja. Eneo la magharibi, lenye nukta 1,069 kwa 1,269, linakaribia GB 8 kwa mwaka. Utaratibu unaofaa ni kupakua mwezi, kukata eneo lako kwa CDO (programu ya kuchakata data ya tabianchi), kuhakiki idadi ya uga (mwezi wa siku 31 lazima utoe 248), kisha kufuta faili kubwa. Hesabu hiyo ya 248 usiiruke. Upakuaji uliokatika katikati huacha faili la GRIB (umbizo la data ya hali ya hewa) linalofunguka vizuri kabisa, ila limepungukiwa siku tatu za mwisho, na wastani wa mwezi unatoka bila onyo lolote.

Mvua: hapa ndipo wengi huharibu

Halijoto na mgandamizo huchukuliwa kwenye uchambuzi, kila saa tatu. Mvua na theluji hazimo humo. Ni zao la utabiri mfupi, nazo hujumlishwa tangu utabiri ulipoanza. Utabiri mrefu, wa hadi saa 30, huanza saa 00 na saa 12 UTC. Mgeni huchukua thamani za saa ya 12 za tabiri zote mbili, anazijumlisha, na kudhani amepata siku. Hesabu inaonekana sawa, lakini saa za mwanzo za kila utabiri modeli bado haijatulia: mawingu na matone yanajijenga, na jumla inapotoka.

Njia salama ni kutoa. Chukua jumla ya saa ya 18, toa jumla ya saa ya 6, kwa utabiri wa saa 00. Hiyo ni mvua ya kuanzia saa 06 hadi saa 18 UTC. Fanya vivyo hivyo kwa utabiri wa saa 12, unapata ya saa 18 hadi saa 06 ya kesho yake. Jumlisha mbili hizo. Faida ya pili ni kwamba siku hiyo ya saa 06 hadi 06 ndiyo siku ya mvua ya vituo vya Norwei, kwa hiyo ulinganisho unakuwa wa siku moja kwa siku moja. Kizio ni kilo kwa mita ya mraba, ambacho ni sawa na milimita ya maji. Usizidishe kwa elfu kama unavyofanya kwa ERA5, inayotoa mita.

Na ukishalinganisha, usishangae CARRA ikizidi kituo. Kwenye visiwa vya ncha theluji husafiri karibu mlalo, na kipimamvua hukosa sehemu kubwa yake upepo unapokuwa mkali. Milimita 190 za uwanja wa Svalbard ni zile zilizoingia kwenye chombo, si zote zilizoanguka. Anayeisahihisha modeli ifanane na chombo hicho anaharibu kilicho sahihi zaidi kwa kukifuata kilicho na upungufu.

Kuchagua seli, na mitego midogo

Uwanja wa Svalbard uko 78.25 kaskazini na 15.5 mashariki, mita 28 juu ya bahari, ukingoni kabisa mwa fyodi. Seli iliyo karibu zaidi inaweza kuwa ya maji. Kwa hiyo usikimbilie ya karibu zaidi: pakua barakoa ya nchi na bahari (ramani inayoonesha seli ipi ni nchi kavu na ipi ni maji) pamoja na kimo cha ardhi cha modeli, angalia seli tisa zinazozunguka, chagua ile yenye nchi kavu na kimo kisichopishana sana na cha kituo. Longitudo za magharibi zinaweza kuandikwa kama 315 badala ya −45. Msimbo wa kutafuta seli usiolijua hilo hukupeleka upande mwingine wa ramani bila kulalamika.

Wapo wanaosahihisha tofauti ya kimo kwa kanuni ya nyuzi 0.65 kwa kila mita 100. Kiangazi hilo linavumilika. Majira ya baridi ni kosa, maana hewa baridi hulala bondeni na yenye joto hukaa juu yake, hivyo ukipanda mita 200 joto huongezeka. Kusahihisha kwa kanuni hiyo ni kuisukuma namba upande usiofaa. Heri kuacha tofauti ya kimo ilivyo na kuitaja.

Gridi ni ya Lambert (njia mojawapo ya kuchora dunia kwenye ramani bapa), haifuati kaskazini halisi. Kabla ya kutumia vijenzi vya upepo u na v, soma kwenye faili ufunguo `uvRelativeToGrid`: ukiwa 1, vijenzi vinafuata mhimili wa gridi na lazima vizungushwe. Rahisi zaidi ni kupakua kasi na mwelekeo vilivyo tayari. Mwelekeo usiukokotolee wastani wa kawaida, kwa kuwa wastani wa 350 na 10 hauwi 180.

Kwa joto la juu na la chini la siku, uchambuzi wa kila saa tatu hautoshi, kwani kilele hupita katikati ya saa mbili za uchambuzi. Vigeu vya kiwango cha juu na cha chini vimo kwenye utabiri, tumia hivyo.

Isipoaminika

Udhaifu wa kwanza ni fyodi zenyewe. Kiasi cha barafu ya bahari kinatoka kwenye setilaiti, na vihisi vya mikrowevu huchanganya nchi na maji penye ufinyu. Modeli ikiambiwa fyodi imeganda wakati iko wazi, au kinyume chake, halijoto ya kingo zake hupotoka nyuzi kadhaa kwa wiki nzima. Kwa siku moja mahususi ya majira ya baridi ndani ya fyodi nyembamba, tafuta kwanza ramani ya barafu iliyochorwa kwa mkono na wachambuzi wa barafu.

Wa pili ni mwelekeo wa miaka mingi. Vipimo vinavyolishwa havikuwa sawa mwaka 1991 na mwaka 2020. Setilaiti ziliongezeka, vituo vya kujiendesha vikawekwa. Ruka la ghafla kwenye mstari laweza kuwa ni chombo kipya, wala si tabianchi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 juu ya kaskazini mwa Bahari ya Barents ulionesha njia inayofaa: uliweka vituo vya visiwani na CARRA ubavu kwa ubavu, na vikakubaliana juu ya kupanda kwa joto la mwaka hadi nyuzi 2.7 kwa muongo, na hadi nyuzi 4.0 msimu wa vuli, kule ambako barafu ya bahari imerudi nyuma zaidi. Namba kubwa namna hiyo isingestahili kuaminiwa kwa ushahidi wa modeli peke yake. Kumbuka pia kwamba vituo vingi vimeshaliwa na modeli, hasa vya Norwei na Greenland ambavyo ERA5 haikuvipata vyote, kwa hiyo kukubaliana navyo si mtihani huru.

Mipaka ya ramani ndiyo inayouma zaidi. Wrangel, Severnaya Zemlya, visiwa vya magharibi mwa Aktiki ya Kanada na pwani ya Alaska havimo. Kizazi cha pili, CARRA2, kimekusudiwa kufunika Aktiki yote kwa gridi ileile ya kilomita 2.5, na anayefanya kazi huko akifuatilie hicho.

Upande wa kusini hakuna chochote cha namna hii kwenye CARRA. Rasi ya Antaktika ina uti wa milima unaokata hewa ya magharibi: latitudo ileile, pwani ya magharibi ina joto zaidi kuliko ya mashariki kwa nyuzi kadhaa, na upepo mkavu wa foehn unaoshuka mashariki ndio unaoleta vilele kama nyuzi 18.3 za kituo cha Esperanza tarehe 6 Februari 2020. ERA5 inaulainisha uti huo, hivyo foehn yake ni dhaifu. Huko tegemea vituo: Orcadas kwenye South Orkney ina mfululizo tangu 1903, na Vernadsky, iliyoitwa Faraday hadi Waingereza walipoikabidhi kwa Ukraine mwaka 1996, ndiyo inayosimulia vizuri pwani ya magharibi. Wastani wa mwezi wa vituo hivyo upo bure kwenye READER, hifadhi ya data ya vituo vya Antaktika.

Uamuzi

Kwa ramani za wastani wa 1991–2020, kwa mvua ya pande mbili za mlima, kwa upepo wa pwani ya Greenland na kwa kulisha modeli za theluji na barafu ya nchi kavu, CARRA ndiyo ya kuchukua, na tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya uzito wa mafaili na maelezo ya mvua yaliyozikwa ndani ya nyaraka ndefu mno. Anayetaka tu kujua mwezi uliopita ulikuwaje Longyearbyen aende moja kwa moja `seklima.met.no`, tovuti ya taasisi ya hali ya hewa ya Norwei, achague kituo SN99840, yaani cha uwanja wa ndege. Hahitaji akaunti, na jibu analipata bila foleni. Anayehitaji miaka kabla ya Septemba 1990 hana budi kurudi ERA5, na akiwa huko asome seli za ndani ya kisiwa na za bahari kando kando, asizichanganye.

Ukianza leo, jaribu na mwezi mmoja tu: Januari, eneo la mashariki, halijoto na mvua, Barentsburg na uwanja wa ndege. Mvua ya sehemu hizo mbili ikitoka sawa, rudi kwenye seli ulizochagua kabla ya kupakua miaka mingine 29.